Kwa Anayeanza Kuandika Kumbukumbu za Zanzibar Akiwa Mbali

Waandishi wengi wa riwaya wanaogeukia kumbukumbu za kwao huteleza mapema, kwenye jina la nchi yenyewe. Chukua mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1945. Hadi Desemba 1963 Zanzibar ilikuwa na Sultani wake, chini ya ulinzi wa Waingereza. Tarehe 10 mwezi huo ikapata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na 26 Aprili ukaja Muungano na Tanganyika. Jina la Tanzania lilikuja baadaye, 29 Oktoba. Kijana huyo hakuhama hata mtaa, lakini dola imembadilikia mara baada ya mara. Ukiandika kwamba mjomba "aliondoka Tanzania Machi 1964", msomaji anayeijua historia hatakuamini tena hata kwenye mambo uliyoyapatia.

Kwa hiyo, kabla ya sura ya kwanza, chora jedwali la safu nne: tarehe, ulichokiona mwenyewe, ulichosimuliwa na aliyekusimulia, na ulichosoma ukubwani. Safu ya tatu ndiyo ngumu. Kisa ulichokisikia kwa bibi miaka nenda miaka rudi huishia kuonekana kama ulikuwepo. Aliyekuwa na miaka mitatu mwaka 1964 hawezi kunukuu mazungumzo ya wakubwa usiku ule. Andika "mama akihadithia kwamba", wala usione haya.

Misimu nayo huumbua. Upepo wa kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kuleta majahazi kutoka Arabuni; upepo wa kusi ndio huyarudisha. Jahazi lako lisitweke tanga kwenda Maskati mwezi wa Januari. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, basi ihesabu. Mwaka 1964 ilianza siku chache tu baada ya Mapinduzi, na anayeisimulia Januari ile bila kuitaja amepitwa na jambo kubwa: watu walifungaje, walifuturu nini, nani hakurudi nyumbani kwa daku. Magazeti ya zamani yamo kwenye jengo la nyaraka pale Kilimani. Ukipata safari ya kwenda Unguja, anzia huko.

Hamu ya nyumbani si dhambi, bila hiyo kitabu hakina roho. Lakini huchagua. Hukuletea taarab, kahawa ya barazani na karafuu zilizoanikwa juani. Inakuficha foleni za mchele na sukari za miaka ya 1970, na wachumaji ambao mikarafuu haikuwa yao. Kila ukifika ukurasa mtamu, uliza nani alikuwa kazini wakati wewe unafurahi. Zipo familia zilizokimbilia Oman na Uingereza ambazo Januari ile kwao ni msiba. Zipo za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, na za mashamba ambazo kwao ni ukombozi. Huna kazi ya kuzipatanisha, ila ukiificha moja umeandika risala ya chama.

Rasimu ikikamilika, msomee kwa sauti mtu aliyebaki na mtu aliyeondoka, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kuhusu jina la mtaa au duka, usiamue wewe: andika majina yote mawili, na useme nani analitumia lipi.