Maswali na Majibu: Shabaha za Kugeuka

*Fundi, klabuni kwetu tunaanza na kumaliza kwa filimbi. Kuna haja gani ya kuhangaika na shabaha za kugeuka?*

Haja ipo, tena kubwa. Mlengaji aliyeziba masikio anaisikia filimbi nusunusu, na risasi ya mwisho huleta ubishi usiokwisha. Shabaha ikigeuka, karatasi yenyewe ndiyo saa: ikikutazama, piga, ikikupa ubavu, basi. Aliyechelewa kidogo anaacha tundu refu la mlalo, na kwa bastola ya .22 (risasi ya kipenyo cha inchi 0.22) likizidi milimita 7 halihesabiwi. Karatasi imeshaamua. Fikiria shindano la bastola ya wanawake mita 25, hatua ya kasi: shabaha hutokea sekunde 3, hujificha 7, na kila ikitokea ni risasi moja. Filimbi haiwezi kazi hiyo.

*Tunataka shabaha 5 kwa mpigo. Mota au hewa?*

Hewa, kama kompresa mnayo. Mota ya waipa za gari inafaa shabaha moja ya mazoezi, lakini ni nzito kugeuka, na kanuni za kimataifa zinataka shabaha imalize nyuzi 90 ndani ya sekunde 0.3, zote kwa pamoja. Msinunue silinda tano (silinda ni bomba lenye pistoni inayosukumwa na hewa). Funga moja, kila shabaha ikae kwenye shafti yake yenye mkono, na fimbo moja ya chuma iunganishe mikono ya shafti zote. Zitageuka pamoja zipende zisipende. Kutoka katikati ya shabaha hadi katikati ya jirani yake ni sentimita 75, kwa hiyo fimbo itafika mita 3.

Wengi hukosea urefu wa mkono. Mkono ukizunguka nyuzi 90, ncha yake husogea umbali wa mara 1.41 ya urefu wake. Silinda yenye mwendo wa sentimita 10 inataka mkono wa sentimita 7 hivi. Mkichomelea mkono wa 10, shabaha itaishia nyuzi 60 na mlengaji ataiona kimshazari.

*Zetu zinageuka vizuri ila zinatetemeka zikisimama. Ni tatizo?*

Ni tatizo kweli, na naomba mlitibu kabla ya lingine lolote. Mtu anainua bastola aliyoielekeza chini kwa nyuzi 45, ana sekunde 3 tu, halafu jicho linakutana na karatasi inayopepea kama jani la mgomba. Hapo mnamwonea. Chanzo ni chuma kugonga chuma: shafti inasimama ghafla, fremu inarudi nyuma. Wekeni kizuizi cha mpira. Kipande cha tairi kuukuu kinatosha. Kisha kazeni skrubu za kubana hewa kwenye silinda, robo mzunguko kwa mara. Mbane hewa inayotoka, si inayoingia, maana ukibana inayoingia silinda inaruka kwa kushtuka. Fremu iwe ya mbao nyepesi. Ya chuma ni nzito na inarudisha risasi.

Mkimaliza, pimeni kwa simu. Video ya picha 30 kwa sekunde ihesabiwe picha kwa picha: kutoka ubavu hadi uso kamili zisizidi 9.

*Taa nyekundu na kijani zinakubalika badala ya kugeuza?*

Ndiyo, kwenye shabaha za kielektroniki ndizo zinazotumika. Bei yake ndiyo inayozifanya klabu ndogo zibaki na karatasi.

*Tulinde vipi mitambo, na mafundi?*

Silinda, vali na nyaya zikae chini, nyuma ya ukuta wa udongo au magogo, nje ya njia ya risasi. Umeme wa vali uwe wa betri ya volti 12, msivute wa ukutani hadi huko. Na kabla ya mtu kugusa mkono wa shafti, hata kama bastola zote zimeshatolewa risasi na kuwekwa chini, toeni hewa yote kwenye paipu mpaka geji isome sifuri. Kuzima swichi hakutoshi. Mimi nilizima swichi tu, nikashika fimbo kukaza nati, hewa iliyobaki ikaisukuma. Kovu liko kwenye kidole gumba cha kushoto.