Je, nyumba ya enzi ya Mjerumani inalindwa na sheria?

Ndugu, umeuliza kama nyumba ya enzi ya Mjerumani mliyorithi hapa Mwanza inalindwa na sheria kwa ukongwe wake tu. Jibu ni hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kwa kuwa Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza katika miaka ya 1890, nyumba zao zote zinabaki nje ya ukomo huo mpaka Waziri azitangaze katika Gazeti la Serikali. Mfumo kama wa Uingereza, wa kuyapanga majengo ya kale kwa madaraja ya umuhimu, sisi huku Tanzania Bara hatuna.

Hata hivyo, kabla hamjamwita fundi wa kubomoa, utazameni mlango vizuri. Mlango wa mbao au fremu yake, ikiwa vilichongwa Afrika kabla ya mwaka 1940, ni vitu vinavyolindwa vyenyewe, kwa hiyo (ajabu, lakini ndivyo ilivyo) mlango unaweza kuwa na ulinzi ambao kuta za mawe zinazoushikilia hazina. Mnunuzi anayetaka kuupeleka nje ya nchi bila leseni msimkubalie.