Zoezi? Zoezi la nini tena?

Msomaji mmoja anaandika ripoti ya kiwanda cha kemikali za petroli, kaniuliza hivi: “Nimeandika ‘zoezi la mchakato wa uunganishaji wa michakato ya uzalishaji wa olefini’. Bosi anataka ‘mtangamano’ badala ya ‘uunganishaji’. Nani yuko sahihi?”

Wewe, ila kwa neno hilo moja tu. Wanaotangamana ni watu, majirani, nchi na nchi, mabomba hayatangamani bwana, yanaunganishwa. Olefini nazo, yaani gesi kama ethilini na propilini zinazotengenezewa plastiki, jina lake asili yake Kifaransa, gesi inayozaa mafuta, maana mwaka 1795 wanakemia wa Kiholanzi waliikutanisha ethilini na klorini kikatoka kimiminika kama mafuta, basi, tuendelee.

Kilichonikaba mimi ni hilo zoezi. Zoea, zoeza, zoezi: kitu unachokirudia mpaka ukizoee. Mtoto kuandika a e i o u mara ishirini, hilo zoezi. Siku hizi kila kitu zoezi, juzi nimesoma eti “zoezi la kumzika marehemu”, jamani, marehemu anazikwa kwa majaribio?

Sasa njoo tanurini. Ethani, gesi inayotoka kwenye gesi asilia, inapitishwa na mvuke kwenye mabomba yenye joto la nyuzi 800 na ushei, inakaa humo hata sekunde haiishi, inatoka na ethilini na lazima ipozwe hapohapo isije ikaharibika, hapo nani anafanya zoezi? Pembeni kuna mtambo wa kichocheo, wenyewe unavunjavunja mafuta mazito, unatoa propilini pamoja na gesi ya mabaki ambayo ndani yake kuna ethilini na ethani, na mara nyingi inaishia kuchomwa tu kama kuni. Kuunganisha ndio huku: gesi ile isafishwe, iingie kwenye minara ya kutenganishia ya jirani, ethilini itolewe, ethani ipelekwe tanurini nayo ikavunjwe. Huyu anakula makombo ya yule. Eti zoezi! Lifute uone kama kuna molekuli hata moja itapotea.

Mchakato nauvumilia, nimechoka kupigana nao, na humu una haki yake maana kinachotokea tanurini ni mchakato kweli. Ila mchakato wa michakato ni kigugumizi.

Andika “Kuunganisha mitambo ya olefini”, nukta. Bosi akiuliza zoezi limeenda wapi mwambie nimelichukua mimi, nanyooshea mgongo asubuhi.