Maswali na Majibu: Toleo la majaribio limewafikia wasioliomba

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninatunza zana ya kuchambua msimbo wa JavaScript, na toleo letu thabiti ni 2.4.1. Juzi niliweka 3.0.0-beta.1 kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, ili wanaotaka waijaribu. Nikaamkia malalamiko: ukaguzi otomatiki wa miradi ya watu umekwama kwa maonyo mapya. Nilidhani neno beta linatosha. Je, niifute? Wenzangu wanasema niiache, na asiyetaka kanuni mpya azizime mwenyewe.

JIBU: Usiifute, ndugu yangu, utawavurugia na wale wachache walioipenda. Hamisha lebo tu: yenye `latest` ndiyo npm humpa mtu asiyetaja toleo. Andika `npm dist-tag add zana-yako@2.4.1 latest`, kisha `npm dist-tag add zana-yako@3.0.0-beta.1 next`. Ulichapisha bila `--tag`, na amri ya npm ya matoleo ya kabla ya 11 haikuulizi kitu: unachochapisha ndicho kinachobandikwa `latest`, kiwe beta kiwe nini. Aliyeandika `^2.4.0` kwenye mradi wake, yaani asivuke matoleo ya 2, hakuguswa. Walioumia ni wanaoita `npx zana-yako` (amri inayopakua zana na kuiendesha papo hapo) ndani ya ukaguzi wao bila kutaja toleo, na hao ni wengi kuliko unavyodhani.

Hilo limekwisha. Linalonikera ni hao wenzako.

“Asiyetaka azime” si majaribio ya hiari. Hiari ni mtu kuandika kitu kwa mkono wake ndipo abadilikiwe, na asiyeandika asione tofauti yoyote. Kwenye programu ya kawaida ungeweza kubishana nami kidogo. Kwenye zana ya kuchambua msimbo huna pa kushika, kwa sababu hapa hata uboreshaji unavunja. Kanuni mpya ikinasa kosa la kweli lililojificha miaka mitatu, mradi uliokuwa kijani jana leo ni mwekundu, na hakuna aliyegusa mstari hata mmoja. Wewe unaona umesaidia. Mwenzako alikuwa anatoa marekebisho ya dharura saa nne usiku.

Tazama wanaolifanya hili kwa adabu. PHPStan, mchambuzi wa msimbo wa PHP, ina faili la `bleedingEdge.neon`, ambalo mtumiaji huliingiza mwenyewe kwenye mipangilio yake akitaka kuonja yanayokuja katika toleo kuu lijalo. Ruff, mchambuzi wa Python, ina swichi ya majaribio `--preview`, na juu yake imeongeza `explicit-preview-rules`: ukiiwasha, kuchagua kundi zima la kanuni hakukuletei zile za majaribio, mpaka uitaje kila moja kwa namba yake. Black, inayopanga mwonekano wa msimbo wa Python, hubadilisha mtindo wake thabiti mara moja kwa mwaka, Januari. Mabadiliko yanayosubiri hukaa nyuma ya `--preview`. Nawe fanya hivyo: ndani ya 2.x weka swichi, ije ikiwa imezimwa, na kanuni mpya zikae nyuma yake. Hapo mtu anajaribu kanuni moja kwa mradi mmoja, bila kubeba injini nzima ya 3.0.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda njia za mkato hawalitaji. Mtu uliyemburuta kwenye majaribio hakuletei taarifa ya onyo la uongo. Anaandika ndani ya msimbo maoni ya kunyamazisha onyo juu ya mstari, anaendelea na kazi yake, na maoni hayo yanabaki hata baada ya wewe kuirekebisha kanuni. Siku kanuni hiyohiyo itakapokuwa na haki, pale itakuwa bubu. Aliyejitolea ndiye anayekuandikia, tena na mfano wa msimbo juu.

Na wako waganga wa mitandaoni. Dawa yao ya maonyo yote ni moja: bandika `|| true` mwishoni mwa amri, ionekane imefaulu hata ikishindwa, ukaguzi upite. Niliwahi kuitwa kwenye mradi uliokuwa na dawa hiyo. Nikafungua kumbukumbu za ukaguzi, nikakuta zana haijachambua faili hata moja kwa miezi: kuna mtu alihamisha faili la mipangilio, zana ikawa inaanguka sekunde ya kwanza, na `|| true` inameza kila kitu. Maonyo yalikuwa sifuri, nayo alama ya kijani ikiwaka kila siku.