Fundi Anajibu: Kigari cha kazi kimelala miaka sita, kinawaka na kuzima

SWALI: Fundi habari za kazi. Mjomba kaniachia kigari chake cha shamba, kile cha viti viwili mbele na bodi ya mizigo nyuma, cha petroli. Kimekaa bandani miaka sita kimefunikwa turubai. Nimeweka betri mpya, plagi mpya, na petroli mpya nikaongezea juu ya ile iliyokuwemo. Nikivuta choki kinawaka vizuri tu, nikiirudisha kinazima hapohapo. Jamaa mmoja kaniambia injini imekufa nitafute nyingine na nimeshaanza kuulizia. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu acha kuulizia kwanza, injini iliyokufa haiwaki hata ukivuta choki hadi kesho. Choki inapunguza hewa ili mchanganyiko uwe na petroli nyingi, sasa kama inaishi kwa choki tu maana yake petroli haifiki ya kutosha, au kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa. Yaani shida iko kati ya tangi na injini, na hiyo safari ni fupi.

Hapo uliposema "nikaongezea juu" nimecheka kidogo, samahani. Petroli ya miaka sita siyo petroli tena, inanuka kama rangi ya mlangoni na inaacha gundi ya kahawia kila ilikopita, na kama ilikuwa imechanganywa na ethanoli basi imevuta na unyevu toka hewani. Toa yote. Weka kiasi kwenye chupa angavu uiache itulie, ukiona kitu kimejitenga chini hayo ni maji. Chungulia tangi kwa tochi (tochi, siyo kiberiti, nakujua wewe), badilisha filta na mipira yote ya mafuta maana ukiikunja utaona inapasuka kama ngozi kavu.

Halafu pampu. Vigari vingi vya zamani pampu yake haina umeme, inasukumwa na mapigo ya hewa yanayotoka ndani ya injini kupitia kampira kembamba, hako kampira kakipasuka kidogo tu pampu inalegea na wewe unalaumu kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa). Na mfuniko wa tangi una katundu ka kupumulia, kakiziba petroli haishuki. Mi mwenyewe niliwahi kununua koili (ile inayopeleka umeme kwenye plagi) na plagi mbili kwa kigari kilichokuwa kinatembea dakika kumi kinazima, siku hiyo nikafungua mfuniko nione kama mafuta yapo, likavuta hewa fyuuu, nikabaki nimesimama na koili yangu mkononi.

Kama huko kote kuko sawa, shusha kabureta. Mshukiwa wako ni jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa inanguruma tu hujakanyaga mafuta, tundu lake ni dogo sana na gundi kidogo tu inaliziba. Fungua, pulizia dawa ya kusafishia kabureta, inua kwenye mwanga uchungulie, usipoona duara safi rudia. Usichokonoe na waya, ukilipanua tundu umejiletea ugonjwa mwingine. Piga picha kila hatua kabla hujafungua, na gasketi kati ya kabureta na injini weka mpya, maana hewa ya wizi hupenda kuingilia hapo.

Ukimaliza yote hayo na bado, ndo upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Ikiwa ndogo, mwaga oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda angalia valvu au gasketi ya silinda hedi. Hapo ndo tutaongea habari ya injini.

SWALI: Changu injini inalia sana lakini mwendo hakuna, na kuna harufu ya kuungua. Nimepaka grisi kwenye zile puli mbili lakini imezidi kuwa mbaya.

JIBU: Lazima izidi! Humo hamna gia za kubadilisha kama za gari, ni puli mbili zinazobana na kuachia mkanda, na kazi yote inafanywa na msuguano, wewe umeenda kuuua kwa grisi. Osha nyuso za puli kwa dawa ya kusafishia breki hadi kitambaa kitoke cheupe, mkanda uliolowa grisi tupa. Kabla ya kutupa soma namba yake, na ule mpya upime upana ulinganishe na kitabu cha kigari, mkanda mwembamba unazama kwenye puli na mwendo unapotea hata ukiwa mpya kabisa. Kama ulikuwa unateleza kabla ya grisi, huenda ulikwisha tu, au maji yaliingia kwenye kasha lake. Maji ni rahisi: weka nyutro, kanyaga mafuta kidogo kidogo upate joto ukauke.

SWALI: Nimenunua Kawasaki Mule (kigari cha kazi) ya miaka ya 90, bodi ina kutu. Nianze na rangi gani?

JIBU: Hongera. Mule zilianza kuuzwa 1988, kampuni ya John Deere ikaja na Gator, kigari chake cha aina hiyohiyo, miaka minne baadaye, kwa hiyo una kitu cha ukoo wa zamani na spea bado zinatafutika ukiwa na namba ya modeli na ya fremu, ziandike leo kabla hujapaka kitu juu yake.

Rangi baadaye bwana. Fungua ngoma za breki kwanza, hiki kitu kinabeba mzigo na kinashuka milima. Angalia silinda za magurudumu kama zinavuja, mwaga ile fluidi ya breki iliyokuwa nyeusi uweke mpya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, usichanganye DOT 5 na DOT 3 au 4 (hizo ni aina za fluidi ya breki). Kisha gonga fremu kwa nyundo ndogo, hasa pale bodi inapofungwa na pale mikono ya magurudumu inaposhikilia. Pakilia kavu pazima, pakilia bubu au nyundo ikazama pelekea mchomeleaji, na betri uwe umeichomoa kabla hajawasha mashine.