Mwanangu, Kuhusu Asubuhi Ile Nilipokupita

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Unauliza kwa nini asubuhi ile ya mwaka 2020, nilipomaliza siku 14 za karantini katika chumba cha nyuma, ulinijia umefungua mikono unikumbatie, nami nikakupita kando kama nisiyekujua, nikaenda kuketi peke yangu kwenye kiti cha mwisho. Tena unauliza kama nilikuwa nimekukasirikia. Sikukukasirikia hata kidogo. Miaka yote hii umebeba mzigo ambao ningaliweza kukutua kwa sentensi moja, na kwa hilo nakuomba radhi.

Unakumbuka kwamba niliingia chumbani sina homa wala kikohozi. Mwenzangu wa kazini alikuwa amethibitika kuwa na UVIKO-19, nasi tuliokuwa tukiketi naye chumba kimoja tukaagizwa tujitenge. Watu huyachanganya mambo haya mawili: mgonjwa hutengwa kwa sababu inajulikana kuwa anaumwa, lakini mtu wa karantini ni mzima anayengoja kujua kama ataugua. Zikawekwa siku 14 kwa kuwa dalili, zikija, kwa kawaida hujitokeza ndani ya muda huo. Kungoja huko ndiko kulikonichosha kuliko kufungiwa kwenyewe. Nilipima joto la mwili asubuhi, kisha nikapima tena baada ya saa moja kwa sababu sikukiamini kipimajoto, kisha nikanusa sabuni ili nihakikishe kwamba pua bado inafanya kazi. Kufikia siku ya nne nilikuwa nimejifunza kumeza kikohozi: koo likiwasha kwa vumbi tu, nilizika uso kwenye mto ili msinisikie, maana nilijua kwamba huko nje kila sauti yangu inapimwa.

Halafu kulikuwa na sahani. Uliiweka sakafuni, ukagonga mlango mara mbili, kisha nikasikia miguu yako ikirudi kinyumenyume hatua tatu na kusimama, ukingoja nifungue. Ulikuwa ukifuata maelekezo, tena kwa mapenzi, na sikuwa na la kukulaumu. Lakini tangu siku ya sita hivi nikaanza kuzihesabu zile hatua. Siku moja ulipiga nne. Nilikaa na ile hatua moja ya ziada mpaka usiku, nikijiuliza umesikia nini kifuani mwangu ambacho mimi mwenyewe sijakisikia.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, mwanangu. Upweke nilikuwa nimeutarajia, na uchovu wa kukosa la kufanya sitausemea kwa kuwa kila aliyefungiwa anaujua. Nisichokitarajia ni kujiona mwenyewe kuwa hatari. Mtu akiambiwa kwa wiki mbili kwamba pumzi yake huenda ikawaua watu wa nyumba yake, hawezi kuyasikia maneno hayo kwa masikio tu. Yanamwingia mikononi, na kwenye namna ya kukohoa, hata namna ya kushika kitasa. Mwishoni mwa mwaka ule ule watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu walikaa saa 10 bila kuonana wala kuwasiliana na mtu yeyote. Walipoonyeshwa picha za watu pamoja, sehemu fulani ya ubongo wao iliamka kama inavyoamka ya mwenye njaa anapoonyeshwa chakula. Nilipoyasoma hayo nilijitambua, ila kwangu kulikuwa na nyongeza: nilikuwa na njaa ya watu, na papo hapo nikiamini kwamba sumu iliyomo chakulani ni mimi.

Mama yako alilielewa jambo hili bila kusoma kokote. Usiku aliketi sakafuni upande wa pili wa mlango akinisimulia habari za bomba linalovuja na kitufe alichokipoteza, na hakuniuliza hata mara moja kama nimepata homa. Ninyi wengine mliniuliza hali yangu mara tano kwa siku. Nashukuru, lakini kila swali lilinirudisha kwenye kipimajoto.

Siku ya 15, basi, nilikuwa mzima kwa mujibu wa kalenda, ila mikono yangu ilikuwa haijapata habari hiyo. Ulipofungua mikono yako, nilichoona ni kifua chako kikija kwenye pumzi yangu, na miguu ikanipeleka kando kabla sijafikiri. Niliketi pale kitini nimeikalia mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu. Kwa wiki kadhaa baadaye nilitumia kikombe changu peke yangu na kulala nimeugeukia ukuta, na ule ukali wangu juu ya milango isiyofungwa, ambao nadhani unaukumbuka, ulitoka huko huko.

Baadaye nilitafuta maandishi nione kama ni mimi peke yangu. Jarida la The Lancet lilikuwa limechapisha, Februari 2020, mapitio ya tafiti 24 kutoka nchi 10 kuhusu karantini za miaka ya nyuma, na humo nikakuta hasira, kukosa usingizi, woga wa kuwaambukiza jamaa, na watu waliomaliza siku zao lakini wakaendelea kwa wiki kadhaa kuwakwepa wanaokohoa na kukwepa mikusanyiko. Utafiti mwingine uliwahoji watu 129 waliokuwa wamewekwa karantini mjini Toronto wakati wa mlipuko wa mwaka 2003 wa SARS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa: takriban 29 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe, na takriban 31 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za sonona. Sikufurahia mateso yao, lakini nakiri kwamba usiku ule nililala vizuri.

Umeuliza pia kwa nini sikusema. Niliona haya. Watu walikuwa wakizika wazazi wao bila kuwaaga, wengine wamepoteza kazi, na mimi hata kuugua sikuugua. Nilipewa chumba, kitanda na chakula mlangoni. Ningelalamika kwa lipi? Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga lile wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25, nilitamani kukueleza yote haya. Nilikuita, ukaja, tukazungumza mambo mengine. Sasa umeniuliza mwenyewe, na nimeona ni rahisi kuandika kuliko nilivyodhani, ingawa karatasi mbili za kwanza nilizichana.

Jambo moja limebaki, nalo ni dogo. Hadi leo mlango ukigongwa mara mbili mimi husikiliza hatua kabla ya kuinuka. Utakapokuja mwezi ujao, usigonge. Fungua, uingie moja kwa moja mpaka nilipo.

Ni mimi,
Baba yako