Jibu: Kadi ya chai inatoka madoa ya viungo

Ndugu, umeuliza kwa nini kadi ya zawadi uliyobandika viungo vya chai imetoka madoa baada ya siku mbili. Hayo ni mafuta ya karafuu na iliki. Ukishazisaga, mafuta hupenya karatasi upesi. Weka viungo vizima: iliki 4, karafuu 3, mdalasini kipande cha sentimita 3. Tangawizi iwe kavu kabisa, mbichi itaota ukungu. Funga kwenye foili kwanza, ndipo utie kwenye kimfuko cha sentimita 8 kwa 7 kilichobandikwa kwenye kadi pande tatu. Gundi ya maji hufanya manila (karatasi ngumu ya kadi) ijikunje, bora selotepu ya pande mbili. Nyuma ya kadi andika: vikombe 2, twanga, chemsha dakika 5, kisha tia majani. Bila maelezo hayo, viungo vinaishia kabatini.